Kabla Hujanunua Kisambazi cha Kwanza: Maandalizi ya Waifai ya Chuo

Anza saa 4 usiku, wiki mbili kabla ya UE (mitihani ya mwisho wa muhula), ukiwa na tochi na daftari. Zunguka chuo kizima kwa miguu. Utawakuta wanafunzi wamebanana kwenye kimbweta kimoja, meza ya kusomea ya nje, chini ya dirisha la maktaba, na vimbweta sita vya jirani viko wazi. Wamefuata mawimbi ya waifai yanayovuja dirishani. Chuo kimoja nilichofanyia kazi kilikuwa na kisambazi, yaani kifaa kinachorusha waifai, karibu kila ukumbi wa ofisi za wahadhiri, ofisi ambazo hufungwa saa 10 jioni, na kwenye miti ambako watu walikuwa wanakesha na vitabu hapakuwa na kitu. Aliyechora mpango alikuwa na ramani ya majengo tu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuweka alama mahali watu wanapokaa kweli, na saa wanazokaa.

Ukimaliza kuzunguka, hesabu vifaa, na hapa vitanda vitakudanganya. Chumba cha watu wanne kwenye rejesta ya hosteli kina hao wanne pamoja na waliobebwa, yaani wanaolala humo bila kusajiliwa. Kila mmoja ana simu, na nusu yao wana kompyuta mpakato. Ukimuuliza wadeni kiofisi atakujibu wanne, maana kubebana ni marufuku na hataki maswali. Muulize kwa utani, au waulize wafanya usafi. Kisha kumbuka bumu, fedha za kujikimu za mkopo wa wanafunzi. Likitoka, simu za batani zinageuka simu janja ndani ya wiki moja, na mtandao uliopimwa mwanzo wa muhula unaanza kukohoa bila aliyegusa chochote. Mimi huchukua idadi ya watu niliowaona kwa macho yangu, nazidisha mara mbili na nusu, na bado sijawahi kujuta kwamba nilizidisha mno.

Kuta nazo zipimwe. Tofali la saruji lililopigwa plasta hula mawimbi mengi kuliko ukuta wa mbao, na zege lenye nondo hula zaidi. Dari ya mabati huyarudisha chini ovyo. Usitegemee makadirio ya programu ya kuchorea peke yake. Beba kisambazi kimoja, kifunge kwenye mti mrefu wa ufagio, kiwashe kwa betri, halafu tembea chumba kwa chumba na simu inayosoma nguvu ya mawimbi. Ukiona namba imeshuka chini ya -67 dBm, hapo simu za kupiga kwa video zitakatakata. Ukumbi wa mihadhara pima ukiwa umejaa. Miili ya watu ni maji matupu, na maji hunyonya mawimbi. Ukumbi mtupu wa asubuhi na ukumbi ule ule wenye watu 300 ni kumbi mbili tofauti.

Kosa ninaloliona kila mahali ni kuongeza nguvu ya kisambazi hadi mwisho ili "kifike mbali". Kisambazi kikipiga kelele, simu itakisikia. Lakini simu yenyewe ina betri ndogo, inajibu kwa mnong'ono, na kisambazi hakiusikii. Mwanafunzi anaona vistari vyote vimejaa na ukurasa haufunguki, basi anawalaumu watu wa TEHAMA, na safari hii yuko sahihi. Punguza nguvu, ongeza visambazi. Ukiongeza visambazi, panga chaneli, yaani njia za hewani ambazo kila kisambazi hutumia. Kwenye bendi ya gigahezi 2.4 zipo chaneli tatu tu zisizopandana: 1, 6 na 11. Ukiweka visambazi kumi kwenye ghorofa moja na vyote vikatumia hizo tatu, vitasubiriana kama abiria kwenye mlango mmoja wa daladala. Bendi ya gigahezi 5 ina nafasi zaidi, ingawa baadhi ya chaneli zake lazima ziachwe mara rada ya hali ya hewa inaposikika. Kwenye kumbi zilizojaa tumia chaneli nyembamba za megahezi 20, hata kama boksi la kifaa linasifia 80. Kisambazi kimoja kwa watu 50 hivi ndicho kipimo changu kwa ukumbi. Zima pia kasi za zamani za megabiti 1 na 2, maana simu moja iliyo mbali ikizungumza taratibu inawachelewesha wote. Na usitangaze majina manane ya mitandao kwa ajili ya kila kitivo na kila mkurugenzi. Kila jina linajitangaza mara kumi hivi kwa sekunde kutoka kila kisambazi, na hayo matangazo yanakula hewa ya watu. Majina mawili au matatu yanatosha.

Kisambazi hakikai hewani peke yake; nyuma yake kuna waya. Kebo ya shaba kutoka kwenye swichi, kifaa kinachogawa mtandao kwa waya, isizidi mita 100, tena hesabu kupanda ukutani na kuzunguka kona, kwa sababu kebo haipiti kama kunguru arukavyo. Kama kisambazi kinapata umeme kupitia kebo hiyo hiyo, soma wati za swichi kabla ya kusaini manunuzi. Swichi yenye tundu 24 inayotoa jumla ya wati 370 haiwezi kulisha visambazi 24 vinavyohitaji wati 30 kila kimoja. Hesabu hiyo ni wati 720. Muuzaji atakuambia "inatoa umeme kwenye tundu zote", na hajadanganya.

Kati ya jengo na jengo weka fiba. Sisemi hivi kwa ajili ya kasi. Tuliwahi kuvuta kebo ya shaba mita 70 kutoka maabara hadi kantini, ikafanya kazi miezi mitano. Masika yakaja, radi ikapiga mwembe uliokuwa katikati, na asubuhi nikakuta swichi tatu zinanuka kama plastiki iliyoungua, moja ikiwa upande wa maabara ambako mvua haikufika hata dirishani. Fiba ni kioo, haipitishi umeme. Ongeza waya wa ardhini uliopimwa na fundi umeme, na UPS, betri inayoshika umeme ukikatika, kwenye kila chumba cha swichi. UPS nayo iwe na tarehe ya kubadilisha betri, kwa kuwa betri iliyokufa mara nyingi haigunduliki hadi siku umeme unapokatika.

Pale ambapo fiba haifiki, watu huunganisha majengo kwa antena mbili zinazotazamana. Ni njia nzuri, mradi uipime kwenye msimu unaofaa. Kwenye chuo kimoja cha bara kavu tulipima mwezi Agosti, tukaona mnara wa upande wa pili waziwazi kupitia matawi ya mbuyu mtupu. Desemba mbuyu ukavaa majani. Kila mvua ilipoloanisha majani yale, hosteli ya pili ilipotea mtandaoni. Pima majani yakiwepo. Tena acha nafasi pembeni ya mstari, maana mawimbi hayapiti kwenye uzi mwembamba wa macho, yanahitaji upana.

Anwani za mtandao, namba ambazo kila kifaa hupewa kinapoingia, ni jambo dogo linaloaibisha watu wazima. Kundi la kawaida la anwani lina nafasi 254. Ukumbi wa watu 300 wenye vifaa viwili kila mmoja utalimaliza kabla mhadhiri hajafungua slaidi, na kama kila anwani inakopeshwa kwa saa 24, kipindi cha pili hakitapata hata moja. Panua kundi, fupisha mkopo uwe saa moja. Ujue pia kwamba simu za siku hizi hubadilisha kitambulisho chao cha kifaa, kwa hiyo mpango wa "kila mwanafunzi asajili simu mbili" utakujazia foleni ofisini.

Nenosiri moja la chuo kizima usilifikirie. Ukilibandika asubuhi, jioni liko kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa mzima, pamoja na vinyozi na wauza chipsi. Kila mtu aingie kwa jina na nenosiri lake mwenyewe. Na ukishajenga hivyo, umebakiza hatua chache kujiunga na eduroam, mfumo ulioanzia Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambao mwanafunzi wa Nairobi akifika Kampala simu yake inaingia yenyewe kwa akaunti ya chuo chake. Wenye kuulizwa ni mitandao ya elimu ya nchi: TERNET kwa Tanzania, KENET kwa Kenya, RENU kwa Uganda. Andika kwenye kalenda ya ukutani tarehe ya kuisha kwa cheti cha seva inayohakiki majina. Kikiisha, chuo kizima hutoka mtandaoni ndani ya dakika moja, na kwa bahati ya ajabu huwa ni wiki ya kusajili kozi.

Muulize mtoa huduma wa intaneti mkongo wake wa baharini unapita wapi, na wa akiba unapita wapi. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikawa ya kubahatisha. Aliyekuwa amenunua njia mbili kutoka kampuni mbili aligundua siku hiyo kama zote zilikuwa zinaingia baharini mahali pamoja.

Mwisho kabisa, kabla ya kufungua, andika jina la kila kisambazi kwenye dari kwa herufi zinazosomeka kutoka chini, jina lile lile lililo kwenye swichi. Ongeza visambazi viwili vya akiba kabatini. Kisha nenda kwa mlinzi wa zamu ya usiku umuulize nani ana ufunguo wa chumba cha swichi saa 7 usiku. Akikujibu "bosi, amekwenda nao nyumbani", chonga mwingine kabla ya kesho.