Kuigizana kabla ya kuandika: tunavyofanya Mbeya

Kwa miaka mingi wahusika wangu wote walizungumza kama mimi. Mzee wa miaka 70, konda wa daladala ya Uyole, bibi harusi, wote sauti moja, hadi utani uleule. Nilianza kupona nilipoanza kuigizana na wenzangu: kila mtu anabeba mhusika wake, na hadithi inasukumwa kwa zamu.

Si jambo geni. Utotoni tulicheza baba na mama nyuma ya nyumba, na shuleni tukapanda jukwaani na ngonjera, zile alizozivumisha Mathias Mnyampala miaka ya 1960. Ila kwenye ngonjera unajua tangu mazoezini mwenzako atajibu nini. Hapa hujui, na dawa yenyewe ndiyo hiyo.

Hatua ya 1: Tafuta watu. Watatu hadi watano wanatosha. Wakizidi hapo, zamu yako inafika chai imeshapoa, na Mbeya mwezi wa sita chai haichelewi kupoa. Sisi tunakutana Jumamosi kwa mama ntilie pale Mwanjelwa, katikati ya wiki tunaendelea kwa WhatsApp. Kwa anayejifunza napendelea ya kwenye simu, maana mkimaliza maandishi tayari mnayo.

Hatua ya 2: Chagueni mahali na ugomvi mmoja. Pawe mahali ambapo mnajua hata harufu yake. Sisi tulichukua shamba la viazi huko Uporoto, ugomvi ukawa lumbesa. Kwa msioijua, lumbesa ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likashonewa kichwa juu. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini dalali analitaka limefura, na bei ni ya gunia moja tu.

Hatua ya 3: Mjue mhusika wako kwa mistari mitatu. Anataka nini leo? Anaficha nini? Neno gani halimtoki mdomoni? Hilo la tatu ni la kwangu mwenyewe na nalitetea. Dalali wangu hawezi kusema "samahani". Kila alipobanwa ilibidi nimtafutie njia nyingine ya kutokea: atoe hela, acheke, ajifanye anapokea simu. Sauti yake ilizaliwa humo. Historia ndefu ya maisha yake usiandike, utaishia kuihubiri badala ya kucheza. Na mhusika wa mwenzako akiamkia kwa Kinyakyusa, "ugonile", mwache hivyo hivyo, usimtafsirie.

Hatua ya 4: Chezeni, na mhusika wa mwenzako si wako. Unaweza kuandika kwamba umemkazia macho. Huwezi kuandika kwamba ameogopa, hilo atalisema mwenyewe. Siku za mwanzo mmoja wetu aliandika, "Mama akalia, akakubali bei," na mchezo ukafa palepale, kwa sababu aliyembeba huyo mama, muuza viazi, hakuwa na mpango wowote wa kulia.

Tulipoanza upya, mimi nikiwa dalali, mambo yalikwenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, hili gunia bado. Ongeza debe moja tushone."

Kichwani nilikuwa na hotuba nzima ya kumjibu akigoma. Hakugoma.

"Nakuongezea. Ila utalibeba wewe mpaka barabarani. Mwanangu kifua kinamsumbua tangu lile la mwaka jana."

Nilikaa na simu mkononi kama dakika tano. Huyo mwana hakuwemo kwenye hadithi, hakuna aliyempanga. Na gunia la mwaka jana, bila shaka, nililishona mimi. Dalali wangu hasemi samahani, kwa hiyo akauliza, "Yuko wapi sasa?" Mama akajibu, "Amelala. Usimwamshe, ataona aibu." Peke yangu nisingeyapata maneno hayo hata ungenifungia chumbani wiki nzima.

Kwa hiyo ukipewa jambo usilolitarajia, lipokee, kisha ongeza lako juu yake. Ukimkatalia mwenzako kila anacholeta ("hapana, huna mtoto"), ataacha kuleta.

Hatua ya 5: Awepo mshika uzi. Huyu habebi mhusika mkuu. Anasimulia mvua, barabara, wapita njia, na anakata maneno mkibishana. Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigizana mezani uliotoka Marekani mwaka 1974, una mtu wa aina hiyo, na una dadu la pande 20 la kuamua mambo ya bahati. Sisi tunatumia dadu la ludo. Je, lori limefika? Moja au mbili ni hapana, tano au sita ni ndiyo. Tatu au nne ni "ndiyo, lakini", na mshika uzi anaimalizia. Letu lilifika, lakini limejaa mbao.

Hatua ya 6: Liandike upya peke yako. Wengi wanaruka hapa, wanadhani mazungumzo ya WhatsApp tayari ni hadithi. Bado. Acha siku tatu zipite, chagua jicho la mtu mmoja, kisha kata bila huruma. Zamu zetu 40 na ushee nilizibana zikawa kurasa mbili, zote kwa jicho la dalali. Salamu nyingi zilikwenda, na ile hotuba yangu, niliyokuwa nimeichomeka baadaye kwa ubishi tu, nayo ikaenda. Yale ya kifua sikugusa hata neno.

Kabla hujampa mtu mwingine asome, omba ruhusa kwa wenzako, maana nusu ya maneno ni yao. Aliyembeba mama alinikubalia kwa sharti moja, kwamba kijana asife.