Leseni ya P.E. ya Marekani: kutoka shahada hadi muhuri

Marekani haitoi leseni moja ya mhandisi kamili (P.E., yaani Professional Engineer) kwa nchi nzima. Kila jimbo lina bodi yake, sheria yake na fomu zake, na leseni ya Texas haikuruhusu kugonga muhuri kwenye michoro ya jengo litakalosimama Ohio. Mambo yalianzia Wyoming mwaka 1907, pale ofisi ya jimbo ilipochoka kupokea ramani za maji ya umwagiliaji zilizochorwa na watu wasio wahandisi. Majimbo mengine yakafuata, kila moja kwa namna yake. Kwa hiyo kabla hujauliza unahitaji vyeti gani, chagua jimbo. Kwa wengi ni lile wanakofanyia kazi, au lile ambako mwajiri wao ana miradi.

Njia ya kawaida ina mambo manne: shahada ya uhandisi yenye ithibati ya ABET (shirika linalokagua programu za uhandisi vyuoni), mtihani wa FE wa misingi ya uhandisi, miaka 4 ya kazi ya uhandisi chini ya mhandisi mwenye leseni, na mtihani wa PE wa utendaji wa kihandisi. Mitihani hiyo hutungwa na NCEES, baraza la kitaifa la bodi za leseni za uhandisi, na ni ileile kila jimbo. Kinachotofautiana ni jinsi bodi inavyohesabu elimu na kazi yako. California, kwa mfano, hudai jumla ya miaka 6 ya elimu na kazi. Shahada ya ABET huhesabiwa kuwa 4, hivyo hubaki miaka 2 tu ya kazi. Lakini mhandisi wa ujenzi huko hufanya mitihani mingine miwili zaidi ya PE, mmoja wa kanuni za tetemeko la ardhi na mwingine wa upimaji wa ardhi. Tena, leseni uliyoipata kwa miaka 2 haitakusaidia haraka ukihamia jimbo linalotaka 4: utangoja mpaka ujazilize.

Shahada ya nje ya Marekani

Hapa ndipo waombaji waliosoma Afrika Mashariki, India au Uingereza hupoteza muda mwingi kuliko kwenye mtihani wowote. Bodi nyingi hazisomi shahada ya nje moja kwa moja. Hutaka tathmini, na tathmini inayokubalika kwa upana zaidi ni ya NCEES yenyewe. Kipimo chake hakiangalii jina la chuo. Kinahesabu masomo: krediti za muhula 32 za hisabati ya juu na sayansi za msingi, na krediti 48 za sayansi na usanifu wa kihandisi, pamoja na masomo ya jumla kama lugha, historia au uchumi.

Pengo linaloonekana mara kwa mara ni la sayansi za msingi. Aliyesoma fizikia na kemia kidato cha tano na sita, kisha akaingia chuo na kuanza na mekanika na uhandisi wa vifaa, ana ujuzi huo, ila haumo kwenye orodha ya masomo ya chuo. Mtathmini husoma karatasi. Kama chuo chako kilikuwa na somo la mwaka mzima lenye jina pana kama "Sayansi ya Uhandisi I", omba maelezo rasmi ya somo yanayotaja mada na saa za kufundishwa. Bila hayo somo zima linaweza kuwekwa kwenye fungu usilolitaka. Nakala rasmi ya matokeo itoke chuoni na iende moja kwa moja kwa mtathmini. Bahasha iliyopitia mikononi mwako, hata ikiwa imefungwa vizuri, huenda ikakataliwa. Ofisi ya usajili ya chuo inaweza kuchukua miezi kujibu, kwa hiyo hili lianze kabla ya kitu kingine chochote.

Tathmini ikionyesha upungufu, soma barua ya bodi kwa utulivu. Mara nyingi masomo mawili matatu katika chuo cha jamii yanaziba pengo. Majimbo mengine huacha pengo lilivyo na badala yake huongeza miaka ya kazi. Piga hesabu: muhula mmoja wa kemia jioni ni nafuu kuliko miaka kadhaa ya kungoja.

Na jambo dogo linalosumbua watu wetu hasa: majina. Cheti kina majina mawili, pasi ina matatu, leseni ya udereva imegeuza la babu kuwa la ukoo. Chagua jina lililoko kwenye kitambulisho utakachoonyesha mlangoni mwa chumba cha mtihani, ulitumie kwenye akaunti ya NCEES, kwenye bodi na kwa wadhamini (watu watakaoishuhudia kazi yako). Lisipolingana, utarudishwa mlangoni.

Mtihani wa FE

FE una maswali 110 ndani ya saa 5 na dakika 20, kwenye kompyuta, na hufanyika mwaka mzima katika vituo vya Pearson VUE. Hiyo ni chini ya dakika 3 kwa swali. Kuna matoleo saba: ujenzi, mitambo, umeme na kompyuta, kemikali, mazingira, viwanda na mifumo, na lile la fani nyingine. Chagua lililo karibu na ulichosoma, si lililo karibu na kazi yako ya sasa.

Huingii na kitabu chochote. Kitabu cha marejeo cha NCEES hufunguka kwenye skrini, na unaweza kukipakua bure kupitia akaunti yako miezi kabla. Jizoeze nacho hichohicho, kwenye kompyuta, ukitafuta kwa neno. Aliyefanya mazoezi yote kwa karatasi na vitabu vya chuo hujua jibu lakini hajui fomula imeitwa jina gani mle ndani, na dakika zinayoyoma. Kikokotoo kiwe katika orodha inayoruhusiwa: Casio za fx-115 na fx-991, HP 33s na 35s, Texas Instruments za TI-30X na TI-36X. Kingine hakiingii.

Mtihani umegawanywa sehemu mbili. Ukishawasilisha sehemu ya kwanza huwezi kuirudia, kwa hiyo usiache swali tupu ukidhani utalirudia baada ya mapumziko. Jibu baya halikatwi alama. Bahatisha pale usipojua. Ukishindwa, unaweza kurudia mara moja katika kila robo ya mwaka, na si zaidi ya mara 3 ndani ya miezi 12. Baadhi ya bodi zina masharti makali zaidi ya hayo.

Uzoefu: sehemu inayoamua

Mtihani una kitabu cha marejeo. Maelezo ya uzoefu unayoiandikia bodi hayana, na ndiyo yanayorudishwa zaidi. Bodi inatafuta mambo mawili: kwamba kazi ilikuwa ya uhandisi kweli, na kwamba majukumu yako yaliongezeka mwaka hadi mwaka. Kusimamia mafundi, kununua vifaa, kuchora tu kwa maelekezo ya mtu, au kuuza mitambo, havihesabiwi au huhesabiwa kidogo. Bodi nyingi huanza kuhesabu baada ya shahada, hivyo mafunzo kazini ya mwanafunzi usiyategemee. Shahada ya uzamili mara nyingi hupewa mwaka 1, ila huwezi kuhesabu miezi ileile mara mbili ikiwa ulisoma huku umeajiriwa kutwa.

Tofauti iko kwenye uandishi. Tazama maelezo haya ya mhandisi aliyefanya kazi za mifereji ya barabara:

"Nilishiriki katika mradi wa kupanua barabara. Tulifanya mahesabu ya maji ya mvua na kuandaa michoro ya makalavati kwa kufuata viwango."

Anayesoma hajui nani alifanya nini. "Tulifanya" inaweza kumaanisha ulikuwa umekaa pembeni. Sasa kazi hiyohiyo:

"Nilikokotoa mtiririko wa mvua kubwa inayotarajiwa mara moja kwa miaka 25 kwa eneo la ekari 60 linalomwaga maji kwenye barabara. Nililinganisha bomba moja la inchi 48 na mawili ya inchi 36 yaliyo sambamba. Nilipendekeza mawili, kwa kuwa kimo cha barabara kilikuwa kidogo na bomba la inchi 48 lisingebaki na udongo wa kutosha juu yake, ilhali mawili ya inchi 36 yana eneo kubwa kidogo la kupitisha maji. Nilikagua pia kina cha maji mbele ya kalavati yasivuke usawa wa barabara. Mhandisi msimamizi alipitia mahesabu, akaniagiza nihakiki kasi ya maji upande wa kutokea, nami nikaongeza mawe ya kuzuia mmomonyoko."

Kuna kitenzi cha "ni-" katika kila hatua, kuna chaguo lililolinganishwa na sababu ya kulikataa, kuna kikwazo cha uwanjani, na kuna msimamizi aliyekusahihisha. Lile sahihisho usilifiche. Ndilo linaloonyesha kwamba ulifanya kazi chini ya mhandisi mwenye leseni. Andika hivyo kwa mradi mmoja au miwili katika kila ajira, kisha majukumu mengine uyataje kwa ufupi.

Weka daftari tangu wiki ya kwanza ya kazi. Kila miezi mitatu andika mradi, ulichokokotoa, ulichoamua, aliyekusimamia na namba ya leseni yake. Baada ya miaka 4 hakuna anayekumbuka inchi 36, na msimamizi anaweza kuwa amestaafu au amehamia kampuni nyingine. Ukihama kazi, mwombe athibitishe kipindi chako kabla hujakabidhi ufunguo. Kumbukumbu za NCEES, huduma inayokutunzia nakala za chuo, matokeo na uthibitisho wa waajiri mahali pamoja, zinakuruhusu kufanya hivyo mapema.

Wadhamini

Kumbukumbu za NCEES huhitaji watu watano wa kukushuhudia, watatu kati yao wakiwa P.E. wenye leseni. Bodi za majimbo zina idadi zao, lakini ukijiandaa kwa watano utakuwa salama karibu kila mahali. Wawe wameiona kazi yako, si tabia yako tu. Mchungaji na jirani hawahesabiwi.

Ugumu unawapata hasa wa viwandani. Majimbo mengi huwasamehe wahandisi wa kampuni za uzalishaji wasiwe na leseni, matokeo yake unaweza kufanya kazi miaka 5 bila P.E. hata mmoja kwenye jengo. Uliza ofisi nzima, hata tawi jingine, nani anayo. Kama hayupo, iulize bodi kwa maandishi kama msimamizi asiye na leseni anakubalika na kwa masharti gani, na utunze jibu lao. Kwa kazi uliyoifanya nje ya Marekani, baadhi ya bodi hupokea mhandisi aliyesajiliwa nchini humo. Ambatisha uthibitisho wa usajili wake.

Mtihani wa PE

Mitihani mingi ya PE ina maswali 80 kwa saa 8, yaani dakika 6 kwa swali. Ya fani kubwa hufanyika mwaka mzima. Ya nyuklia, petroli na madini hufanyika siku moja tu kwa mwaka, na ukiikosa unangoja mwaka mwingine. Ya ujenzi ina matawi matano: miundo, udongo na misingi, usafiri, maji na mazingira, na usimamizi wa ujenzi. Tangu Aprili 2024 ile sehemu ya asubuhi iliyowajumuisha wote imeondolewa, hivyo vitabu vya mazoezi vya kabla ya hapo vitakupa maswali mengi ya matawi yasiyo yako.

Viwango vya usanifu pia hufunguka kwenye skrini. Angalia toleo lililotajwa kwenye maelezo ya mtihani na ujizoeze na hilo hata kama ofisini mnatumia jipya zaidi. Namba za vifungu hubadilika, na jibu sahihi la toleo jipya linaweza kuwa kosa.

Majimbo mengi sasa huruhusu kufanya PE kabla miaka 4 haijatimia. Kama jimbo lako linaruhusu, fanya mapema, nadharia ikiwa bado mbichi kichwani. Kufaulu hakukupi leseni. Bado unaomba bodini uzoefu ukitimia.

Kuwasilisha ombi

Kabla ya kubonyeza kitufe, jumlisha miezi. Tarehe zako zilingane na za waajiri, na kila pengo lielezwe, hata kama ulikuwa nyumbani unalea mtoto. Maswali ya makosa ya jinai jibu kwa ukweli: kosa la zamani la kuendesha gari ukiwa umelewa mara nyingi huelezeka, kulificha ni kosa jipya mbele ya bodi ileile. Majimbo kadhaa, Texas ikiwemo, huongeza mtihani mfupi wa sheria na maadili ya jimbo. Mpaka namba itoke, usijiite P.E. kwenye kadi wala kwenye barua pepe, maana bodi hutoza faini kwa hilo.

Leseni ikitoka, agiza muhuri kwa vipimo vya jimbo hilo, kisha uandike tarehe ya kuihuisha. Texas hudai saa 15 za mafunzo kwa mwaka, New York saa 36 kwa miaka 3, California haidai. Kwa jimbo la pili hufanyi mitihani upya. Unatuma kumbukumbu zako za NCEES na ada, ila jimbo lenye mtihani wake, kama California kwa wahandisi wa ujenzi, litakudai huo.