Kabla ya kulipa garanti Goma ama Bukavu, angalia jioni utapumulia wapi

Mtu akitafuta nyumba huku kwetu anauliza maji, anauliza umeme, anauliza kama moto, yaani pikipiki, inafika mpaka kwenye geti usiku, halafu analipa garanti, ile pesa ya dhamana ya nyumba. Sawa. Ila kuna swali watu wanaliruka: jioni ukitoka kazini, ama Jumapili na watoto, mtaenda wapi bila kutoa pesa? Na hapo ndipo kartie (mitaa) mbili zenye bei moja zinaachana mbali sana.

Anza na ziwa, maana komisioneri, yaani dalali, naye ataanza nalo. Atakufungulia dirisha, Kivu hiyo hapo inang'aa, na bei imeshapanda. Lakini kuliona ziwa na kulifikia ni vitu viwili. Himbi na Keshero huku Goma, Muhumba na La Botte kule Bukavu, ukingo mwingi uko ndani ya maparsele (viwanja) ya watu na mahoteli, kuta zinashuka mpaka majini, yaani unaweza kukaa dakika tano kutoka ziwani na mtoto asiguse maji mpaka ununue fanta kwa hoteli. Basi usiishie dirishani. Shuka kwa miguu toka mlangoni mpaka majini, uliza kile kichochoro ni cha wote ama cha mtu, kina geti, geti linafungwa saa ngapi, na mvua ikinyesha kinapitika.

Ukishafika, simama kidogo uangalie watu wanafanya nini pale. Kivu haina mamba, hiyo raha watu wa Tanganyika hawana. Ila ukiona mistari ya bidoni (madumu) za manjano na kijana ana sindano anatia klori katika kila bidoni, hapo ni bomba la kartie, watu wanakunywa hayo maji, na kipindupindu kinapitia hapo hapo, si pa kufanya pisini ya kuogelea. Bukavu uliza pia mto Kawa unaingilia upande gani, kwa sababu mvua ikipiga unashusha machupa na takataka kutoka juu, na plastiki za mji zinafika mpaka kwenye bwawa la umeme la Ruzizi zinasumbua mashine. Nyumba nzuri pembeni ya mdomo wa Kawa, mimi siichukui hata wakipunguza.

Sasa mazuku. Hii ni ya Goma, hasa ukienda magharibi, Keshero kwenda Bulengo, Mugunga, Lac Vert, njia ya Sake. Ni gesi ya kaboni dioksidi inatoka chini ya ardhi, haina rangi, na kwa sababu ni nzito kuliko hewa inalala kwenye mashimo na mabonde kama maji. Usiku na asubuhi mapema ndiyo mbaya, kabla upepo na jua havijaitawanya. Na ubaya wake uko hivi: mtu mzima amesimama anaweza asisikie kitu, wakati mtoto aliyeinama kuokota mpira ameshaingia ndani yake, mbuzi na mbwa vilevile. Kwa hiyo kiwanja kizuri chenye kivuli kilichozama chini kuliko barabara, usikipende haraka. Angalia kama kuna ndege ama panya wamekufa hapo bila jeraha, na uliza mama mwenye shamba jirani, siyo komisioneri. Sehemu zingine zina kibao, zingine hazina.

Kutembea na futing (kukimbia mazoezi) ni suala la kifundo cha mguu. Goma kumenyooka, lakini ukitoka kwenye lami unakanyaga mawe ya lava, yale ya 2002 yaliyopita katikati ya mji mpaka ziwani, na yanakula soli bila huruma, vumbi lake jeusi linaingia mpaka kwenye sufuria. Bukavu ni milima tupu, asubuhi unashuka unaimba, kurudi unahesabu ngazi, na Septemba mpaka Mei matope yanateleza vibaya. Wazee wako wanakaa na wewe? Basi jibu unalo. Kama wewe ni wa zile timu zinazokimbia zinaimba alfajiri, uliza zinapita avenyu gani, maana kukimbia peke yako gizani siyo wazo.

Vile vivutio vikubwa vya mbali usivilipie kodi ya nyumba. Volkano ya Nyiragongo na mita zake 3,470, gorila wa hifadhi ya Kahuzi-Biega kilomita kama 30 kutoka Bukavu, ni vizuri sana, lakini mtu wa kawaida haendi kila wikendi, na kuna vipindi vyote viwili havifikiki kwa sababu ya usalama, uliza walioipita hiyo njia wiki hii. Kisiwa cha Idjwi nacho kinaitaka boti: hesabu jile (jaketi za kuokolea) kabla ya kupanda, moja kwa kila mtu na ya mtoto iwe size ya mtoto, boti ikijaa shuka. Ile iliyozama karibu na Kituku, Goma, Oktoba 2024 ilikuwa imeshaona bandari.

Na ukishapenda nyumba kwa sababu ya njia ya kwenda majini, mwambie mwenye nyumba aandike hiyo njia kwenye kontra, kwa sababu parsele ya mbele ikiuzwa, mnunuzi mpya anaanza na ukuta.