Jinsi ya kuikagua Citroën 5HP kabla hujatoa pesa

Ukienda kuangalia Citroën 5HP, gari dogo la Kifaransa la miaka ya 1920, beba futi, tochi na nguo za kuchafuka. Nembo na rangi viache kwanza, maana hivyo hubadilishwa kirahisi. Mimi ni fundi, mzaliwa wa Tanga, na hapa Lyon karakana yetu inashughulika na magari ya kale. Hili dogo nalipenda kuliko yote yanayoingia.

Anzia nyuma. Gari la mwanzo, lililooneshwa Paris mwaka 1921 na kuanza kuuzwa 1922, lina siti mbili na mkia uliochongoka kama ncha ya ngalawa. Baadaye likaja la siti tatu, mbili mbele na moja nyuma katikati, maarufu kwa jina la Trèfle. Wanunuzi wengi wanalitaka hilo, na bei yake iko juu, kwa hiyo hapo toa futi. Pima toka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Fremu ya mwanzo ni mita 2.25; ya Trèfle ni 2.35. Nimeshaletewa bodi ya siti tatu iliyokalishwa juu ya fremu fupi, na mwenyewe alikuwa amelipia Trèfle halisi.

Fungua boneti. Vitu ni vichache: silinda nne, ukubwa wa injini sisi (cc) 856, nguvu za farasi 11 (ile 5 ya jina ni hesabu ya kodi tu), mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Pampu ya maji hakuna. Maji ya moto hupanda yenyewe kwenye radieta, yakipoa hushuka, basi radieta iliyoziba itaichemsha injini upesi. Petroli nayo hushuka kwa uzito wake toka tangi lililo juu ya miguu yako. Ukisikia harufu ndani, kuna mahali panavuja.

Sasa tafuta stata. Siku zile magari mengi ya bei nafuu yaliwashwa kwa kuzungusha hendeli mbele, na hendeli ikirudi kinyume ilivunja mkono wa mtu. André Citroën, aliyetengeneza makombora pale Quai de Javel, Paris, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kisha akageukia magari mwaka 1919, aliliuza gari lake dogo likiwa na stata ya umeme tayari. Akawatangazia wanawake waliendeshe wenyewe, bila kumsubiri dereva wala mume. Kwangu hilo ni kubwa kuliko hata bei. Kwa hiyo gari lililong'olewa stata usilikubali hivihivi. Uliza iko wapi. Kama imo kwenye boksi, iondoke pamoja na gari.

Ingia chini usikilize difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, inapozungushwa. Meno yake yamekatwa kwa umbo la V, gia za aina ileile iliyomfanya Citroën ajulikane kabla ya magari, na nembo yake imetoka hapo. Difu nzima iko kimya. Ikilia, jua gharama inakuja.

Ukiliendesha, gia ni tatu na hazina sinkro, kifaa cha kulainisha ubadilishaji wa gia: kanyaga klachi mara mbili unapopunguza. Magurudumu ya mbele hayana breki. Pedali hubana nyuma ya giaboksi, handbreki ndiyo hukamata ngoma za nyuma, basi jaribu kila moja peke yake, mahali tambarare. Na udogo wake usikutishe. Mwaka 1925 Nevill Westwood alitoka Perth na gari la aina hii akaizunguka Australia, wa kwanza kuizunguka kwa gari.

Kisha hakikisha si Opel, gari la Kijerumani. Mwaka 1924 kampuni hiyo ilitoa Laubfrosch, gari la kijani lililofanana nalo mno. Citroën alikwenda mahakamani akashindwa. Injini ndiyo itasema kweli. Mwendo wa pistoni ni 90 mm kwa zote mbili, lakini kipenyo cha silinda ni 55 mm kwa Citroën na 58 kwa Opel. Silinda iliyochongwa upya huongezeka kidogo, kwa hiyo 55.5 isikushtue. Ikifika 58, omba maelezo.

Muuzaji akikuharakisha, mwache. Hadi mwaka 1926 kiwanda cha Levallois kilikuwa kimetoa kama 80,000 ya magari haya, na jingine litapatikana.