Jinsi ya Kuloweka Matufaha ya Antonovka

Antonovka ni tufaha la kale la Urusi, ambalo wenyeji wa Kursk, Tula na Oryol hulihesabu kuwa lao, na mti wake huhimili baridi inayokaribia nyuzi 40 chini ya sifuri. Miche iliyooteshwa kutokana na mbegu zake huwa na mizizi imara inayokwenda chini sana, ndiyo maana katika nchi za baridi, Marekani ya kaskazini ikiwamo, hutumika kama shina la chini la kubebeshea aina nyingine za matufaha. Tunda lenyewe ni la kijani linalogeuka manjano, lenye harufu nzito na uchachu unaomkunja uso anayeliuma siku lilipochumwa. Anayelihukumu kwa mlo huo mmoja hulionea, kwa kuwa uchachu huohuo ndio unaolifaa kwa kulowekwa, yaani kuachwa katika maji yenye chumvi na sukari hadi lichachuke.

Matufaha huchumwa Septemba, kisha huachwa mahali pa baridi kwa wiki mbili au tatu hadi wanga uliobaki ndani yake ugeuke sukari. Chagua mazima tu, yasiyo na doa wala mchubuko, kwa sababu moja lililoanza kuoza huweza kuharibu pipa zima. Yaliyochubuka yapikie jamu: Antonovka ina pektini nyingi, hivyo jamu yake huganda vizuri bila kuongezewa kitu.

Kwa kilo 5 za matufaha, andaa maji lita 5, sukari au asali gramu 200, chumvi gramu 50 na unga wa rai (nafaka inayofanana na ngano) gramu 100. Koroga unga kwa maji kidogo ya baridi ili usifanye mabonge, umwagie maji yanayochemka, kisha tia sukari na chumvi. Ukitumia asali, subiri maji yapoe kwanza, kwani joto kali huondoa harufu yake. Acha mchanganyiko upoe kabisa, kisha uchuje.

Chombo bora ni pipa la mbao, ingawa mtungi wa kioo au wa udongo uliopakwa ung'aro salama kwa chakula unatosha. Cha chuma kisichozuia kutu hakifai kabisa, maana asidi hukila. Tandika chini mabua safi ya rai yaliyomwagiwa maji ya moto, pamoja na majani ya mcheri au ya mkaranti mweusi, kichaka kizaacho matunda madogo meusi. Panga matufaha vikonyo vikielekea juu, ukiweka majani kati ya tabaka na tabaka. Mimina maji yafunike yote, weka sahani juu yake, kisha kitu kizito kilicho safi.

Siku za mwanzo ndizo zinazohitaji uangalizi. Matufaha hunywa maji kwa kasi, na asubuhi ya pili unaweza kukuta ya juu yamebaki makavu. Hayo ndiyo huota ukungu, kwa hiyo akiba ya maji yaleyale iwe karibu ili ujazie. Chombo kikae kwenye nyuzi 15 hadi 18 kwa muda wa wiki moja hivi, ambapo povu litapanda na litatakiwa kuenguliwa kila siku. Povu likipungua, kihamishie penye nyuzi 4 hadi 6, mathalani kwenye ghala la chini ya ardhi au jokofu, na ukiache huko mwezi mmoja au zaidi. Wenye haraka hufungua mapema, lakini hukuta ladha ya unga mbichi na tunda ambalo halijalainika katikati.

Tufaha lililoiva kwa njia hii hubaki na ganda gumu, huku nyama yake ikiwa laini, yenye maji mengi na gesi kidogo inayochomachoma ulimi. Liliwe likiwa baridi, pamoja na nyama ya nguruwe au bata, au viazi vya kuchemsha. Maji yaliyobaki pia hunyweka, mradi hayajaota ukungu wala kutoa harufu mbaya; yakiwa hivyo, mwaga yote pamoja na matufaha.