Fuata mikono: namna ya kuanza na filamu za zamani zisizotajwa sana

Mimi ni fundi saa. Kutwa nzima natazama vitu vidogo kwa lenzi iliyobanwa jichoni, na nadhani ndiyo maana filamu za Ulaya na Marekani za miaka ya 1940 hadi 1960 zilizonikaa moyoni ni zile ambazo kamera haiiachi mikono ya mtu mpaka kazi iishe. Wanaoniuliza waanzie wapi siwapi orodha ndefu ya filamu bora. Nawaambia wafuate mikono. Mazungumzo ya Kifaransa au Kiitaliano yatakuchosha mwanzoni, kwa kuwa jicho linakimbizana na tafsiri chini ya picha. Mtu anayechonga, anayefunga au anayechimba unamwelewa bila tafsiri.

Anza na Le Trou ya Jacques Becker, Ufaransa, 1960. Wafungwa watano wa chumba kimoja katika gereza la La Santé, Paris, wanataka kutoroka. Kisa ni cha kweli, cha mwaka 1947, na mmoja wa waliokuwemo, anayetumia jina la Jean Keraudy, anaigiza humo. Filamu inafunguka akiwa anatengeneza gari. Anageuka, anaitazama kamera, na kusema kwamba rafiki yake Jacques Becker amesimulia kisa cha kweli, kisa chake yeye. Kuanzia hapo mwangalie huyo. Jinsi anavyoshika chuma ni jinsi ya mtu aliyewahi kukishika.

Kuna mahali wanavunja sakafu ya zege kwa kipande cha chuma walichokitoa kitandani. Kamera inainama na kubaki pale pale karibu dakika nne. Mmoja anapiga, anachoka, anampa mwenzake. Mwanzoni unaona mikwaruzo myeupe tu, hata unadhani haitawezekana. Kisha vipande vinaruka, shimo linaanza kuonekana, na hakuna muziki wa kukuambia ujisikieje. Ni mlio wa chuma peke yake. Ukifika hapo weka simu mbali. Usisogeze mbele hata sekunde kumi, kwa sababu uchovu wao ukiukwepa, furaha ya shimo nayo hutaipata.

Mimi nilisimamisha picha mara moja tu, walipotengeneza saa ya mchanga kwa vichupa viwili ili wajue muda unavyokwenda wakiwa chini ya ardhi. Miaka yote niliyofungua saa za watu sijawahi kuona saa inayohitajiwa kiasi kile. Kuna pia kipande cha kioo kilichofungwa kwenye mswaki, kinachopenyezwa kwenye tundu la mlango ili waone nani anakuja kwenye ujia. Becker alifariki Februari 1960, wiki chache kabla filamu haijatoka.

Ukiipenda hiyo, inayofuata ni Un condamné à mort s'est échappé ya Robert Bresson, 1956: mfungwa mmoja, mlango wa mbao, na kijiko alichokinoa.

Sasa namna ya kuzipata. Tafuta kwa jina la asili, pamoja na mwaka na jina la mwongozaji. Majina ya tafsiri yanapoteza watu. Il posto ya Ermanno Olmi, 1961, ilipofika Marekani iliitwa The Sound of Trumpets, na anayeijua kwa jina moja anaweza kuipita ilhali iko mbele yake kwa jina la pili.

Kwa filamu za Marekani kuna njia halali isiyo na gharama. Sheria ya huko ilitoa haki miliki ya miaka 28, kisha mwenyewe alipaswa kuihuisha. Filamu nyingi zilizotoka kabla ya 1964 hazikuhuishwa, hivyo leo ni mali ya umma. The Hitch-Hiker ya Ida Lupino, 1953, ni mojawapo. Lakini hapo ndipo penye mtego: kitu kisicho na mwenyewe kinanakiliwa na kila mtu, nakala ya nakala, mpaka nyuso zinakuwa uji. Detour ya Edgar G. Ulmer, 1945, niliiona kwanza katika hali hiyo, nikaamua kwamba mwongozaji hakujua kuwasha taa. Ilipotoka iliyosafishwa mwaka 2018 nikaona kwamba giza lile lilipangwa kwa uangalifu, na mimi nilikuwa nimemhukumu mtu kwa uchafu wa nakala. Tangu siku hiyo siisemi filamu vibaya kabla sijauliza nimeona nakala gani.

Kabla hujaketi, kagua mambo mawili. Umbo la picha kwanza: filamu za kabla ya 1953 karibu zote ni za umbo linalokaribia mraba. Ikiwa picha imejaa skrini yako pana na vichwa vimekatwa juu, mtu ameikata, tafuta nyingine. La pili ni urefu. Nakala za televisheni za Ulaya huenda picha 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo filamu ya dakika 71 inaisha kwa takriban 68 bila kukatwa chochote. Pungufu ya hapo, shuku. Midomo isiyolingana na maneno katika filamu za Kiitaliano isikutie wasiwasi. Waliingiza sauti baadaye, ndiyo iliyokuwa desturi yao.

Tukirudi kwenye mikono. The Narrow Margin ya Richard Fleischer, 1952, inakwenda karibu yote ndani ya treni na haina muziki wa kutungwa. Kuna mwanamke anapiga tupa kucha zake, na ghafla mwendo wa tupa unageuka kuwa mwendo wa magurudumu. Little Fugitive ya 1953 inamfuata mtoto wa miaka saba aliyekimbilia Coney Island, New York, akidhani amemuua kaka yake. Anaokota chupa tupu ufukweni, anazirudisha apate pesa ya kupanda farasi wadogo, na waliomzunguka wengi hawakujua kwamba wanapigwa picha, kwa sababu kamera ilikuwa ndogo, imening'inizwa begani.

Salt of the Earth, 1954, itazame ukiwa na utulivu. Wachimba madini wa New Mexico wenye asili ya Meksiko wanagoma. Mahakama inawakataza kusimama kwenye mstari wa mgomo, basi wake zao wanasimama badala yao, na wanaume wanabaki na nguo za kufua. Wengi wa waigizaji ni wachimba madini wenyewe. Mwongozaji, Herbert Biberman, alikuwa amefungwa kwa kukataa kujibu maswali ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti. Mwigizaji mkuu, Rosaura Revueltas, alikamatwa na kurudishwa Meksiko kabla kazi haijaisha. Kumbi chache mno zilikubali kuionyesha. Kuipata leo kwa urahisi ni jambo ambalo waliokuwa wakiitengeneza hawakuweza kulitegemea.

Il posto iache ya mwisho, ukishazoea. Kijana anakwenda Milan kufanya mtihani wa kazi ya ofisini, anaipata, na polepole tunaona kazi ile ni nini. Hakuna anayekufafanulia. Mwishoni unauona uso wake tu, na nyuma yake mashine ya kunakili karatasi inagonga, inagonga, kwa kipimo kilekile. Usizime mpaka mlio huo ukome.