Jinsi ya kuandika hadithi ya mtoto na mnyama wa porini bila kumgeuza mnyama kuwa paka

Hadithi yangu ya kwanza ya namna hii niliiandika nikiwa Tukuyu, mvua inanyesha siku ya tatu mfululizo, nikajiona nimemaliza kazi. Ilikuwa ya mtoto anaitwa Lusajo, kaokota kipunji mdogo, yule kima wa milimani, msituni, kampeleka nyumbani, wanalala kitanda kimoja, asubuhi wanakunywa chai, kipunji anamsindikiza shule. Nikaenda kuwasomea watoto wa darasa la tatu kwenye shule moja ya huko huko Rungwe nikisubiri makofi. Nikafika ukurasa wa nne hivi, dogo mmoja kanyoosha mkono: "Mwalimu, mama ake kipunji yuko wapi?" Nikababaika. Mwenzake akadakia, kwao kipunji akiingia kwenye mahindi anafukuzwa na mbwa, sasa huyu mbwa wa kina Lusajo alikuwa wapi? Hadithi ikafia pale pale.

Tangu siku ile swali la yule dogo ndo kipimo changu, na karibu yote ninayokueleza hapa yanatoka humo. Mnyama wa porini ana mama, ana kundi, ana njaa yake na saa zake. Ukimnyang'anya hivyo vyote ili ampende mtoto wako, umebaki na mdoli.

Anza na mnyama unayeweza kumfikia kwa miguu. Simba na twiga waachie waandishi wengine, wako wengi mno, na mtoto wa Makete twiga anamjua kwenye picha kama anavyomjua dubu. Sisi Nyanda za Juu Kusini tuna utajiri wa ajabu aisee. Kuna kinyonga wa pembe tatu wa milima ya Uporoto, na nusu ya watu wazima wakimwona wanakimbia, kwa hiyo ugomvi wa mtoto na bibi yake unao tayari hata hujashika kalamu. Kuna tembo wanaotoka Ruaha wakiingia mashamba ya Idodi na Pawaga, na kule mtoto anayelinda shamba usiku na debe lake la kugonga ana hadithi kuliko mimi na wewe. Na kuna huyo kipunji mwenyewe, ambaye wanasayansi walikuja kumjua 2003 kwa kusikia wawindaji wa Kinyakyusa wakimtaja, wengine wakidhani ni mnyama wa hadithi tu, kumbe yupo mlimani Rungwe anatafuna majani, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake, kitu ambacho kwa kima wa Afrika kilikuwa hakijatokea kwa miaka 83. Ukitaka kuandika kuhusu mtoto anayeona kitu na wakubwa hawamwamini, hapo umeshapewa nusu ya kazi.

Mi mwishowe nilimchagua komba. Na nikahamisha hadithi yote nikaipeleka Iringa vijijini kwa sababu ya ulanzi, ile pombe ya mianzi, nitakueleza.

Kabla ya kuandika sentensi hata moja, jaza kurasa mbili za daftari na vitu ambavyo mnyama huyo anafanya KWELI. Usiandike "ni mpole", "ana akili", hizo ni sifa za mchumba. Andika anachofanya. Komba halali usiku. Analia kama kichanga, mgeni akisikia mara ya kwanza anatoka nje na tochi kutafuta nani katupa mtoto. Macho yake makubwa lakini hayazunguki sana, kwa hiyo akitaka kukuangalia anageuza kichwa kizima. Anajikojolea viganja halafu anajipaka na miguuni, afu ndo anaruka tawi jingine (hii waambie watoto mapema, watacheka dakika tano, waache wacheke). Na anapenda utamu, ndo maana mtu akizidisha kilaji anaitwa komba. Kitu cha mwisho nilichoandika ndicho kilichoniokoa: mama komba akienda kutafuta chakula humbeba mwanae kwa mdomo, humwacha kwenye tawi, halafu humfuata baadaye. Mtoto anabaki pale peke yake, kimya, ameshika tawi. Mtu akipita anadhani katelekezwa.

Sasa ona hilo linavyozaa hadithi lenyewe. Msichana wangu anaitwa Tumsifu, ana miaka tisa, babu yake ni mgema wa ulanzi. Msimu wa mvua babu anakata ncha ya chipukizi la mwanzi asubuhi na jioni, anatega mbeta, utomvu unadondoka humo usiku kucha. Asubuhi mbeta moja iko nusu. Babu anasema ni wezi. Tumsifu anaamka usiku kukojoa, anaona macho mawili mekundu juu ya mwanzi, sikio la kushoto limechanika. Hapo una vitu vyote: mahali pamoja, saa moja, alama moja ya kumtambulisha mnyama, na sababu ya mtu mzima kukasirika. Maana ule ulanzi ndo daftari na sare za Tumsifu, babu siyo mbaya. Tafadhali usimfanye mtu mzima kuwa shetani ili mnyama aonekane malaika, watoto wa kijijini wanajua hasara ya tumbili shambani kuliko wewe unayeandikia sebuleni.

Ukaribu wenyewe ujenge kwa kurudia. Usiku wa kwanza macho tu. Usiku wa pili anasikia chwi, chwi, ulimi kwenye mbeta. Usiku wa tano komba hakimbii tochi ikizimwa haraka. Usiku wa tisa Tumsifu anaanza kukaa jiwe lile lile, kajifunika kitenge cha bibi, na komba anamgeuzia kichwa kizima, anamwangalia, anaendelea kunywa. Basi, hiyo kwa komba ni salamu tosha, usiongeze kitu. Watu wengi hapa wanashindwa kujizuia, wanataka komba aje akae mapajani. Mwache kwenye mwanzi. Mtoto anayesoma anaivuta ile nafasi iliyobaki katikati yeye mwenyewe, ndo utamu ulipo.

Kuhusu mnyama kuongea: kwenye ngano za sungura na fisi wanaongea na hakuna anayeshangaa, ukishasema paukwa na wao wakaitika pakawa mkataba umeshasainiwa. Lakini hadithi ya aina hii ni mkataba mwingine. Komba akisema "asante Tumsifu" hata mara moja, usiku wote ule wa kusubiri umepotea bure, maana kumbe wangeongea tu tangu mwanzo. Mtoto anaweza kuongea na komba, na aongee sana, amweleze habari za shule, amwambie mwalimu kamchapa. Komba ageuze kichwa tu.

Halafu lile tukio kubwa. Kwangu ni usiku babu kaweka mtego wa kamba, mvua inakuja, na Tumsifu anamwona komba mdogo peke yake kwenye tawi la chini, saizi ya kiganja. Anaweza kumchukua. Mkono unafika. Anataka kumwokoa, na wewe msomaji unataka amchukue, kila katuni uliyoangalia inakwambia amchukue. Hiki ndo nilichoandika, nakuwekea hapa uone urefu wa sentensi:

"Tumsifu alinyoosha mkono. Komba mdogo hakusogea. Vidole vyake vilikuwa vyembamba kama njiti za kiberiti, vimekaza tawi. Tumsifu akaona ameshika kama mtu anayesubiri basi. Akarudisha mkono chini ya kitenge. Akaenda kufungua kamba ya babu, akarudi kwenye jiwe lake, akaloa."

Maneno mafupi, kitu kimoja kwa sentensi, kwa watoto wa miaka saba hadi kumi inatosha. Neno la kwenu likiingia moja mbili, kama mbeta au kamwene (ile salamu ya Kihehe), usilitafsiri, liweke mahali ambapo kitendo chenyewe kinalieleza. Mama komba alikuja alfajiri, akamkamata mwanae kwa mdomo, akaondoka. Sikumfanya ageuke kushukuru. Nilijaribu, nikafuta.

Kuna jambo la usalama pia na hili silitanii. Watoto wanaiga wanachosoma. Mnyamapori anayekusogelea bila woga anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, na kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 huwezi tu kuokota mnyama ukafuga nyumbani bila kibali. Huna haja ya kuhubiri, wala kumleta askari wa wanyamapori atoe hotuba ukurasa wa mwisho. We hakikisha tu kwamba kwenye hadithi yako kinachosisimua ni kusubiri na kuangalia, na siyo kushika.

Mwisho wa hadithi usimuue mnyama ili watu walie, ni njia ya mkato. Msimu wa ulanzi unaisha wenyewe, mbeta zinashushwa, komba anahamia kwenye miti mingine. Tumsifu anatoka usiku, jiwe lipo, mwanzi upo. Nilimwacha hapo.

Ukimaliza soma kwa sauti mbele ya watoto ambao siyo wako, wa kwako watakuonea huruma. Usiwaulize kama imewapendeza, watasema ndiyo mwalimu. Angalia tu wanapoanza kuchezea viatu, weka alama, rudi nyumbani kata hapo. Kuchapa nakala chache siyo ghali, A4 moja ukiikunja inakupa kurasa nne, kwa hiyo panga kijitabu kiwe na kurasa 16 au 20 usije ukabaki na karatasi tupu, na stepla ndefu wanayo stationari yoyote kubwa pale mjini.

Mi nimekwama kwa mchoraji tu. Mara ya kwanza kaniletea komba anatabasamu, meno thelathini na mbili kama ya tangazo la dawa ya mswaki, nikamrudishia. Juzi kanitumia nyingine, tabasamu limetoka, sikio la kushoto limechanika vizuri kabisa, ila mbeta kaichora chupa ya maji ya lita moja na nusu.